Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya makaa ya mawe, ikiwa na vipande vitatu vya kitambaa cha marekani

Mtwara Mjini,
Mwanzo wa msimu wa korosho.

Kwa Waheshimiwa mliokabidhiwa dhamana ya bandari, barabara, mazingira na afya katika mikoa yetu ya kusini. Na kwa wenye yadi na wenye malori mnaofanya kazi kwa vibali vyao.

YAH: VUMBI LA MAKAA YA MAWE KATIKA MAKAZI YA WATU

Waheshimiwa, shikamooni.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, kanzu, na magauni ya harusi pale fedha za korosho zinapoingia. Kibanda changu kiko kando ya barabara wanayopita malori ya makaa kwenda kupakua. Nyuma ya nyumba yangu, ukivuka kichochoro na ukuta mmoja wa matofali, ipo yadi yanakorundikwa makaa hayo kusubiri meli. Jina la mwenye yadi silitaji. Tukikutana hunisalimia vizuri, na yadi kama yake si moja.

Barua hii si ya kwanza. Ya kwanza niliipeleka kwa mkono, nakala yangu ikagongwa muhuri, nikaambiwa nisubiri. Ya pili nikaambiwa nimekosea mlango, mambo ya yadi yana ofisi nyingine. Ofisi nyingine ikanirudisha mlango wa kwanza. Mara ya tatu tulikwenda sita, mimi na majirani watano, tukakaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, kisha kijana mmoja mwenye adabu zake akatuarifu kuwa mkubwa yuko Dodoma. Tulirudi wiki iliyofuata, mkubwa alikuwa Dodoma bado. Dodoma sina ugomvi nayo. Lakini mwaka wa pili unakatika, na nakala zangu zenye mihuri sasa nimezishona pembeni kwa uzi zisipotee. Ndiyo maana leo naandika mbele za watu.

Niseme mapema, asije mtu akanibatiza jina la mpinga maendeleo: biashara na nchi za mbali ndiyo inayonilisha. Cherehani yangu imetoka China, zipu na vifungo vimetoka huko huko, na kitambaa cha sare kimevuka bahari kabla hakijafika kwenye meza yangu. Hata kitambaa ninachokitumia kuwa ushahidi katika barua hii kinaitwa marekani kwa sababu katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, kule Massachusetts, walikishusha Zanzibar kwa merikebu, kikaenea pwani na bara hadi kikawa chenyewe ni fedha mahali ambapo fedha haikufika. Merikebu za Salem hazipo tena, jina limebaki midomoni mwetu. Watu wa pwani hii hatukuanza jana kuuziana na dunia. Nendeni Kilwa Kisiwani mkaone vigae vya vyombo vya Kichina vilivyolala pale tangu enzi za masultani. Na kubwa kuliko yote, mwanangu wa kwanza ni utingo kwenye lori la makaa. Unga ninaosonga usiku, sehemu yake imetoka humo humo.

Nikiyasema haya yafuatayo, basi, sisemi nikiwa nje ya uzio.

1. Vumbi lenyewe.

Mwanzoni nilidhani ni masizi ya jikoni kwangu. Mteja mmoja, baba wa watoto watatu, alinirudishia mashati matano ya shule akidai nimemshonea kitambaa kilicholala dukani miaka. Nilimrudishia fedha yake, nikayaloweka mashati, nikaona maji yamekuwa kama ya kuoshea sufuria iliyoungua. Tangu siku hiyo nikaanza kupima kwa kipimo changu. Nakata kipande cha marekani, shubiri kwa shubiri, nakitundika kwenye kamba ya nguo alfajiri, nakianua magharibi. Nimefanya hivyo siku yadi iko kimya na siku winchi na vijiko vinachota. Nimefanya kusi ikivuma, nikafanya kaskazi ikivuma. Siku ya kupakia, upepo ukiwa unatoka upande wa yadi, kipande kinachokuja jioni si kile nilichokitundika. Ukikifikicha, vidole vinabaki na unga mweusi wenye kumeta. Nalitilia mkazo hilo la rangi kwa kuwa nimeshaambiwa mara mbili kwamba hili ni vumbi la kawaida la kiangazi. Vumbi letu la kiangazi kila mtu wa Mtwara analijua: ni jekundu, linakaa kwenye pindo la kanzu na ukilikung'uta linatoka. Hili ni jeusi na halikung'utiki.

Lakini linaloonekana kwenye kitambaa ndilo la afadhali. Kijana wa jirani aliyesomea mambo ya mazingira alinieleza kwamba unywele wa mtu una unene wa mikroni sabini hivi, na kwamba chembe zilizo chini ya mikroni 10 hazizuiwi na vinyweleo vya pua. Zile za chini ya mikroni 2.5 hushuka mpaka mwisho wa mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya mwaka 2021: kwa siku moja, chembe hizo ndogo kabisa zisizidi wastani wa mikrogramu 15 katika mita moja ya ujazo ya hewa, na zile kubwa kidogo zisizidi 45. Huo ndio mpaka. Sisi tunaoishi nyuma ya ukuta hatujawahi kusomewa hata namba moja ya hewa yetu, iwe nzuri au mbaya.

Mtoto wa jirani yangu ana pumu. Sisemi makaa ndiyo yaliyompa, mimi si daktari. Nasema daktari alimwambia mama yake amweke mtoto mbali na vumbi, na mama yake akaja kuniuliza mimi, fundi cherehani, amweke wapi.

Na kuna jambo ambalo wageni hawalijui. Rundo la makaa likikaa muda mrefu hujipasha moto lenyewe kwa ndani. Usiku mmoja wa Ramadhani iliyopita lilifuka moshi, hakuna aliyeliwasha. Tulikula daku madirisha yamefungwa.

2. Malori.

Makaa haya yanachimbwa Ngaka, wilayani Mbinga, yanashuka kwa Songea, Tunduru na Masasi hadi baharini, safari ya zaidi ya kilomita 600 kwa lami. Fanyeni hesabu ambayo nilimfanyisha mwanangu kwenye ukingo wa gazeti: meli ya tani 60,000, kwa malori yanayobeba tani 30 kila moja, ni safari 2,000 za kuja na 2,000 za kurudi matupu. Meli moja hiyo. Siku moja niliamua kuhesabu yanayopita mbele ya kibanda kwa kutia punje moja ya mahindi kwenye kikopo kila lori likipita. Niliishiwa punje kabla ya alasiri.

Lori lenye turubai lililofungwa kamba vizuri halinisumbui. Yapo, na madereva wake nawaheshimu. Tabu ni lile lenye turubai lililotupiwa juu kama khanga begani, upande mmoja unapepea, na likifika kwenye tuta mbele ya shule linatikisika na kumwaga. Makaa yaliyomwagika yanasagwa na lori la nyuma, na la nyuma yake, mpaka yanakuwa unga, na unga huo ndio watoto wanaouvuka saa saba wakitoka darasani. Mwanangu ananiambia kufunga turubai ni dakika chache, ila dereva analipwa kwa safari na kila dakika anaihesabu. Basi kosa si la dereva peke yake. Anayepanga malipo ya dereva ndiye aliyelifungua lile turubai.

Wazee wetu watakumbuka kwamba Mtwara ilikuwa na reli. Baada ya vita kuu ya pili Waingereza walitaka mafuta ya karanga, wakafyeka misitu Nachingwea, wakajenga reli na gati la maji marefu hapa kwetu. Karanga hazikuitika, mradi ukafutwa mwaka 1951, na miaka ya mwanzo ya 1960 reli yenyewe ikang'olewa. Misitu iliyofyekwa haikupandishwa meli kurudishwa. Ninaitaja habari hii kwa sababu gati wanalofungia meli za makaa leo ni mtoto wa karanga zile, na kwa sababu kila biashara kubwa iliyotua hapa ilikuja na hesabu zake zimeshafanywa kwingine.

3. Maji.

Hili nalipitia haraka. Wengi mtaani tunavuna maji ya mvua kutoka kwenye bati. Mvua ya kwanza ya msimu siku hizi tunaiacha ipite, na ya pili pia. Maji yanayotiririka kutoka chini ya rundo la yadi yana mtaro wake, na mtaro huo unaishia panapoishia mitaro yote ya mji wa pwani.

4. Korosho.

Hapa nadhani hata asiyejali mapafu yangu atanisikiliza. Mkulima wa Newala au Tandahimba anaokota korosho chini ya mti moja moja, anaanika, anachambua majani na mchanga, anapeleka chama cha msingi. Pale zinapimwa unyevu na uchafu. Zikizidi, zinashushwa daraja na yeye anashushwa bei. Kisha zinatiwa kwenye magunia yenye matundu ili zipumue, zinapakiwa, na kwenye barabara ya kuingia Mtwara lori lake linafuatana nyuma ya lori la makaa lenye turubai la begani. Msimu wa korosho na makaa vinagombania barabara moja na gati moja. Korosho zetu nyingi zinakwenda ghafi India na Vietnam, zinabanguliwa huko, ndipo zinauzwa kwa watu wanaosoma kila neno kwenye pakiti. Tumemfundisha mkulima kuchambua mchanga kwa vidole, halafu tunamwekea makaa njiani.

5. Makaa yanakokwenda, na yanayorudi.

Waheshimiwa, niwieni radhi kwa urefu wa kifungu hiki, lakini nimeambiwa mara nyingi kuwa mimi naona yadi tu, sioni picha kubwa. Nimejitahidi kuiangalia.

Makaa haya hayakupata njia ya Mtwara kwa bahati. Februari 2022 Urusi iliingia Ukraine. Umoja wa Ulaya, uliokuwa ukinunua Urusi karibu nusu ya makaa yake ya kuagiza, ukayapiga marufuku, na marufuku ikaanza kazi tarehe 10 Agosti 2022. Bei ya tani moja kwenye soko la dunia ikavuka dola 400. Makaa ya Ruvuma, ambayo umbali wake na bahari ulikuwa ukiyafanya yasilipe, ghafla yakalipa. Yakaenda Uholanzi, yakaenda Ufaransa, yakaenda India. Vita iko huko, na kichochoro changu huku kikageuka rangi. Sijui kama kuna njia fupi zaidi ya kueleza biashara ya dunia ni nini.

Sasa angalieni tarehe nyingine. Siku 13 kabla ya marufuku ile kuanza, tarehe 28 Julai 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kutambua kwamba kila mwanadamu ana haki ya mazingira safi, salama kwa afya na endelevu. Nchi 161 zilisema ndiyo, 8 hazikuelemea upande wowote, hakuna iliyokataa. Na miezi michache nyuma yake, Novemba 2021, kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow, walibishana hadi dakika za mwisho juu ya neno moja: makaa ya mawe yakomeshwe au yapunguzwe. Likashinda neno la kupunguza. Mimi nikishona suruali ya mtu nikakuta kiuno kimezidi, najua kupunguza maana yake nini: unashika mkasi na unakata. Kule walikubaliana kupunguza, kisha bei ikapanda, wakaja kununua kwetu.

Tani moja ya makaa ikichomwa hutoa zaidi ya tani mbili za hewa ukaa. Nilibisha niliposikia, nikauliza kitu kinawezaje kutoa moshi wenye uzito kuliko chenyewe. Nikaelezwa kuwa kaboni ya makaa inaungana na oksijeni ya hewani, na oksijeni ina uzito wake. Basi meli ile ya tani 60,000 ikiungua huko ilikokwenda inaacha angani zaidi ya tani 120,000. Kwa utaratibu wa kimataifa, moshi unaandikwa kwenye daftari la nchi iliyochoma, si ya iliyochimba. Ni haki kwa upande huo. Ila vumbi la njiani halina daftari lolote, la kwao wala la kwetu. Nalo hulipati kwenye bei.

Na kinachokwenda angani hakikai Ulaya. Aprili 2019 tulifungiwa ndani mji mzima, maduka yamefungwa, shule zimefungwa, tukisubiri kimbunga Kenneth. Nilipandisha cherehani juu ya meza, meza juu ya matofali, nikakaa nikisali. Tarehe 25 kikatua Cabo Delgado, Msumbiji, kwa ndugu zetu wa ng'ambo ya mto Ruvuma, na tukashindwa kujua tushukuru au tulie. Mei 2024 kikaja Hidaya. Mvua zikakata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, malori ya bidhaa yakalala njiani, na mimi nikakaa siku nyingi bila kitambaa wakati wateja wananidai sare. Sisemi lori la mwanangu ndilo lililoleta Hidaya. Nasema bahari ikizidi joto, dhoruba inapata nguvu. Na joto hilo linatokana kwa sehemu kubwa na kuchoma vitu kama hivi vinavyopita mlangoni kwangu. Kwa hiyo sisi tunayalipa makaa haya mara mbili, yakiwa yanakwenda na yakiwa yanarudi.

6. Kutoambiwa.

Hili ndilo linaloniuma kuliko vumbi. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa mwananchi haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha na shughuli zake. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinasema kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye kumfaa kwa afya. Dunia nzima ilikubaliana Rio mwaka 1992, katika kanuni ya 10, kwamba wananchi waelezwe na washirikishwe, na katika kanuni ya 16, kwamba anayechafua ndiye abebe gharama. Sisi hatukuitwa hata kwenye kikao cha chini ya mwembe. Tuliona ukuta unapanda, tukadhani ni ghala la korosho.

Najua mtakayojibu, kwa kuwa baadhi yake nimeshajibiwa nikiwa bado nimekaa kwenye benchi.

Mtasema ajira. Ni kweli. Vijana wa kufunga turubai, wa kupakia, mama lishe wa nje ya geti, madereva, mwanangu. Lakini hakuna hata moja kati ya ninayoyaomba linaloondoa ajira. Kumwagia rundo maji kunahitaji mtu wa boza. Kufagia barabara kunahitaji wafagiaji. Kukagua turubai kunahitaji mkaguzi. Nikiwa na ubaya wa kusema, ningesema naomba ajira ziongezwe.

Mtasema Ulaya ndiyo iliyochafua dunia kwa miaka mia mbili, na Afrika mchango wake ni mdogo mno, kwa nini sisi ndio tubanwe. Nakubali kila neno. Ningekuwa na nauli ningekwenda kuwaambia wenyewe. Ila hoja hiyo inamjibu Mzungu anayetaka tusichimbe. Haimjibu jirani yako anayetaka ufunge turubai.

Mtasema suluhisho liko njiani, kwamba bandari ya Kisiwa-Mgao inajengwa mahsusi kwa mizigo michafu. Hilo jina, mizigo michafu, mmelichagua wenyewe, nami nawashukuru kwa ukweli wake. Naikubali bandari hiyo. Ila nina maneno mawili. Gati halijengwi kwa siku moja, na mapafu hayasubiri mkandarasi. Pili, Kisiwa na Mgao si pori. Kuna wavuvi, kuna mikoko, kuna akina mama wanaoishi kwa maji yale ya kina kifupi. Shida yangu ikihamishwa kutoka nyuma ya nyumba yangu ikawekwa mbele ya nyumba zao, nitakuwa nimepata unafuu wa aibu.

Na mtasema mimi si mtaalamu. Kweli si mtaalamu. Leteni mtaalamu. Ndicho ninachokiomba.

Ninachoomba, basi, ni hiki. Lori la makaa lisiruhusiwe kuondoka mgodini wala kuingia mjini bila turubai lililofungwa pande zote. Mizani zipo njiani, malori yanasimama pale kwa lazima, na turubai likaguliwe papo hapo pamoja na uzito. Faini imwendee mwenye lori, isikatwe kwenye posho ya dereva. Yadi zilizo karibu na nyumba zimwagiwe maji kila siku ya kiangazi, ziwe na kizuizi cha upepo kirefu kuliko rundo, na matairi yaoshwe kabla lori halijatoka getini. Na ile ambayo haiwezi haya, iondolewe kwenye makazi na ipewe eneo mbali na watu. Siku za korosho kusafiri, makaa yapangiwe saa zake.

Hewa ipimwe. Hili ndilo ombi langu kubwa. Kiwekwe kipimo halali upande wa yadi na kingine upande wa mbali na yadi, na matokeo ya kila wiki yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa mtaa, kwa Kiswahili, yakiwa na namba ya siku na namba ya mpaka. Yakionyesha kuwa hewa yetu iko salama, nitayasoma kwa sauti kwenye kibanda changu na nitawaomba radhi kwa barua nyingine ya wazi kama hii. Naomba pia tuonyeshwe tathmini ya athari kwa mazingira ya kila yadi na masharti yaliyomo kwenye cheti chake. Cheti kilichofungiwa kabatini hakimzuii mtu kukohoa. Watu wa Kisiwa na Mgao nao waonyeshwe yao mapema, kabla ya meli ya kwanza.

Na sehemu ya tozo za mizigo hii, hata iwe senti chache kwa tani, ipelekwe kwenye zahanati za kata zinazopitiwa, ili watoto wapimwe vifua mara moja kwa mwaka. Muda mrefu tumesikia habari za utajiri wa kusini, tangu gesi ya Mnazi Bay. Hatuombi utajiri safari hii. Tunaomba kupimwa kifua.

Nawapa siku 30 za kuitisha mkutano wa hadhara mtaani, si ukumbini mjini, na uwe jioni, watu wakiwa wamerudi kazini. Viti tutaazima msikitini na kanisani. Siku hizo zikipita kimya, kifungu cha 5 cha sheria ile ile ya mwaka 2004 kinaniruhusu kwenda kudai haki yangu mbele ya mahakama, na majirani watano wale wa benchi wameshakubali kwenda nami. Tumeshazoea kukaa kwenye benchi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi cherehani,
kwa niaba yangu na majirani zangu watano.

Nakala: Ubao wa matangazo wa mtaa.

Viambatanisho: Vipande vitatu vya marekani. Cha kwanza hakikutundikwa. Cha pili kilitundikwa siku yadi iko kimya. Cha tatu kilitundikwa siku ya kupakia meli. Tafadhali mkifungue mbali na nguo zenu.